Mtoto Gani Hajui Kusoma? Mwongozo wa Kupanga Kazi ya Kusoma kwa Shule, Kata na Halmashauri za Kigoma

Nimekaa kwenye ofisi nyingi za walimu wakuu upande wa Kasulu na Buhigwe, na swali langu la kwanza huwa moja: watoto wangapi wa Darasa la Tatu hawajui kusoma? Jibu huja haraka. "Wachache tu, mzee." Au, "Kama asilimia ishirini hivi." Nikiendelea kuuliza ni akina nani, nitajieni majina, ofisi inanyamaza. Mwalimu wa taaluma anafungua kabati, anatoa faili la matokeo ya mtihani wa muhula, na tunaanza kutafuta watoto ndani ya wastani wa darasa. Hatuwapati.

Mipango mingi ya kuinua usomaji inafia hapo. Imeandikwa vizuri, ina dira na dhamira, imepigwa muhuri, ila hakuna ukurasa wenye jina la mtoto hata mmoja. Mwongozo huu unaanza na majina, kisha unapanda nayo hadi kata na halmashauri. Nimeufanyia kazi nikiwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, halafu Afisa Elimu Kata, na sehemu nilizokosea nimezitaja.

Hatua ya kwanza: mwezi wa Oktoba, msikilize kila mtoto

Kwa nini Oktoba? Mwaka wa shule unaanza Januari, lakini mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai, na mahitaji ya bajeti yanaanza kukusanywa miezi mingi kabla. Shule inayopima watoto Februari inapata takwimu nzuri wakati rasimu ya bajeti ya halmashauri imeshafungwa. Itasubiri mwaka mzima. Mimi nilisubiri miaka miwili ndipo nikaelewa kwamba tatizo langu lilikuwa kalenda.

Pima Darasa la Pili lote na Darasa la Tatu lote. Ukiweza, ongeza wale wa Darasa la Nne ambao walimu wana wasiwasi nao. Usingoje upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne ukuambie. Huo ni wa karatasi, na mtoto asiyejua kusoma anaweza kubahatisha majibu mawili matatu akaonekana "dhaifu wa maarifa" kumbe hajasoma hata swali.

Kipimo chenyewe kiandike wewe, karatasi moja tu. Juu weka herufi kumi, chini yake silabi kumi, kisha maneno kumi ya kawaida, halafu aya ya sentensi nne, na mwisho hadithi fupi ya maneno kama 60 yenye maswali matano ya ufahamu. Usinakili chochote kutoka kitabu cha darasa, na sababu yake ni hii.

Nilikaa siku moja na mtoto wa Darasa la Pili, nitamwita Butoyi, chini ya mwembe nyuma ya darasa. Nilimpa kitabu cha kusoma akafungua ukurasa wenye picha ya sokoni, akasoma sentensi zote bila kukwama, sauti ya juu kama anaghani. Mwalimu wake alitabasamu. Mimi nilikuwa natazama kidole. Kidole kilikuwa mstari wa pili na mdomo ulikuwa mstari wa nne. Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika: "Mama anapika mihogo. Moshi umejaa jikoni." Akakitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hii bado hatujafundishwa."

Alikuwa amekariri kitabu kizima. (Neno hilohilo, kukariri, ndilo tunalolitumia kwa mtoto anayerudishwa darasa. Kwa Butoyi maana zote mbili zilikuwa njiani kukutana.)

Namna ya kupima:

Kaa na mtoto mahali ambapo wenzake hawasikii. Muulize kwanza mambo ya nyumbani, ana ndugu wangapi, nani anachota maji, mpaka mabega yake yashuke. Fimbo isiwepo karibu, hata ile ya kuonyeshea ubaoni. Anza na aya. Akiiweza, mpe hadithi, na hapo ndipo unawasha saa ya simu kwa dakika moja kuhesabu maneno aliyosoma sawasawa. Mwache amalize hadithi hata dakika ikipita, kisha muulize maswali. Akishindwa aya, shuka kwenye maneno, kisha silabi, kisha herufi. Akikwama sekunde tano mwambie aende neno linalofuata. Usimfundishe, usimsahihishe, usikunje uso.

Jambo moja la hapa kwetu: mtoto anayeongea Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, akisoma "lala" anaweza kutamka "rara". Hilo ni lafudhi, hesabu amepata. Ukiyahesabu hayo kuwa makosa utajaza chati yako watoto ambao wanasoma vizuri kabisa.

Kigezo cha kasi kilichopendekezwa nchini baada ya upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2013 ni maneno 50 sahihi kwa dakika kwa mtoto anayemaliza Darasa la Pili, pamoja na kujibu asilimia 80 ya maswali ya ufahamu, yaani manne kati ya matano. Kasi bila maswali isikudanganye. Wapo wanaokimbia kama gari la Kibondo, ukiwauliza nani alikwenda sokoni hawajui.

Muda nao si mkubwa kama walimu wanavyoogopa. Kila mtoto anachukua kama dakika tatu pamoja na kubadilishana. Watoto 118 ni kama saa sita, na walimu wawili wakigawana ni saa tatu tatu, asubuhi mbili zinatosha. Ila mwalimu asipime darasa lake mwenyewe. Badilishaneni. Hakuna anayeiba, ila sote tuna huruma na watoto wetu, na huruma inaongeza maneno.

Hatua ya pili: chati ya majina

Gawa karatasi moja ya manila safu tano: Herufi bado, Silabi, Maneno, Aya, Hadithi na kuelewa. Jina la kila mtoto liandikwe kwenye kikaratasi na kubandikwa kwenye safu yake, ili akipanda kihamishwe. Chukua mfano wa shule yenye watoto 118 wa Darasa la Pili, mikondo miwili, ambayo chati yake imetoka hivi: 21 hawatambui herufi, 38 wako silabi, 27 maneno, 19 aya, 13 wanasoma hadithi na kuelewa. Ukijumlisha safu mbili za mwanzo unapata 59. Nusu kamili ya darasa haiwezi kusoma neno zima.

Sasa linganisha sentensi mbili. "Shule yetu ina changamoto ya KKK." Na: "Tuna watoto 59 ambao mwezi wa Januari wataingia Darasa la Tatu bila kusoma neno, na hawa ndio majina yao." Kamati ya shule ikisikia ya kwanza inaitikia kwa kichwa. Ikisikia ya pili, mjumbe mmoja anauliza kama mjukuu wake yumo.

Chati hiyo ikae ofisini. Nimeiona darasani, na nimeona watoto wakisomana na kuchekana: "Wewe uko herufi!" Kazi ya wiki nzima ikaharibika kwa mapumziko ya saa nne.

Hatua ya tatu: tafuta sababu, na usikimbilie wazazi

Turudi kwa Butoyi. Kwa desturi yetu jina hilo ni la pacha mdogo, na kweli alikuwa na Bukuru wake, yaani pacha mkubwa, mkondo wa A. Yeye alikuwa mkondo wa B. Bukuru alisoma aya yangu ya sentensi nne na kuniuliza kwa nini mama hakufungua dirisha moshi utoke. Watoto hawa wametoka tumbo moja, wanalala mkeka mmoja, wanakunywa uji wa sufuria moja, na baba yao ni yuleyule ambaye walimu walikuwa wameshamwandika kwamba "hana mwamko wa elimu".

Tulipofungua shajara tukaona mkondo wa B ulibadilishiwa mwalimu mara tatu mwaka ule. Wa kwanza alikwenda likizo ya uzazi, wa pili alipata uhamisho, wa tatu alikuwa anafundisha huku pia akishika Darasa la Saba. Mkondo wa A ulikuwa na mwalimu mmoja tangu Januari.

Kwa hiyo kaeni kama timu, mwalimu mkuu, wa taaluma, walimu wa madarasa ya chini na mjumbe mmoja wa kamati, mjiulize kwa kila safu ya chati: hawa wamefundishwa na nani, siku ngapi, kwa vitabu vingapi, na walikuwepo shuleni? Chukueni daftari la mahudhurio mhesabu siku za kila mtoto wa safu mbili za chini. Kwetu utoro una mpangilio. Siku ya gulio ni mashimo matupu, wiki za kupanda na kuvuna maharage ni mashimo matupu, na kule mwambao wa Uvinza watoto wanahama na wazazi kambi za uvuvi. Ukishaona mpangilio unaweza kupanga. Kufundisha sauti mpya siku ya gulio ni kujisumbua. Siku hiyo fanyeni marudio.

Wapo pia watoto ambao hawaoni ubao au hawasikii vizuri. Msimamishe mtoto nyuma ya darasa umwulize herufi unazoonyesha, kisha mwite jina kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo. Ukiwa na shaka, mpeleke mbele kwanza, halafu zungumza na mzazi kuhusu kituo cha afya na umtaarifu Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri.

Hatua ya nne: andika lengo ambalo mtu anaweza kulikagua

Malengo mawili yanatosha. Nimeona mpango wa shule wenye malengo kumi na manne, la tisa likiwa "kuinua kiwango cha taaluma". Andika hivi: "Ifikapo Ijumaa ya mwisho ya Machi, kati ya watoto 59 waliokuwa chini ya maneno mwezi Oktoba, angalau 40 wawe wanasoma maneno." Na la pili: "Ifikapo Oktoba, hakuna mtoto wa Darasa la Kwanza ambaye hatambui herufi." Kila lengo liwe na jina la mwalimu mmoja anayeulizwa. Ukiandika "Walimu wote", haulizwi mtu.

Hatua ya tano: nani afundishe Darasa la Kwanza

Hapa nitasema bila kuzunguka. Katika shule nyingi mwalimu bora yuko Darasa la Saba kwa sababu ya mtihani, na Darasa la Kwanza anapewa mgeni, mgonjwa au anayekaribia kustaafu. Uamuzi huu hauhitaji shilingi wala kibali cha mtu nje ya shule, na una nguvu kuliko semina zote nilizohudhuria. Mwalimu anayejua sauti, mwenye subira, anayeimba, aende Darasa la Kwanza na abaki hapo. Ikiwezekana apande na watoto wake hadi la Pili. Mwalimu mkuu aandike ndani ya mpango kwamba walimu wa madarasa hayo mawili hawabadilishwi katikati ya mwaka ila kwa dharura, na dharura ikitokea, atakayepokea akae darasani na anayeondoka kwa wiki moja.

Ikama ya Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tunajua hali halisi ya shule zetu nyingi. Lakini hata pale penye walimu wanane kwa shule nzima, mgawo wao ndani ya shule ni uamuzi wa shule.

Hatua ya sita: nusu saa ya kusoma, kila siku

Weka kwenye ratiba nusu saa moja ambayo Darasa la Pili hadi la Nne wanavunja madarasa na kukaa kwa safu za chati. Aliye Darasa la Nne na yuko silabi akae kundi la silabi. Ili asione aibu, makundi yape majina ya vitu vya kwetu: Mgebuka, Kuhe, Dagaa, Mchikichi, Tangawizi. Mwaka una siku 194 za masomo, na nusu saa kila siku inakupa saa 97. Hakuna semina itakayokupa saa 97.

Kundi la herufi na silabi lifundishwe kwa sauti, kwa vitu vya kushika. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa maka peni, kamba yenye kadi, salfeti iliyofuliwa na kuchorwa ba be bi bo bu. Anza na sauti zenye kuzaa maneno haraka: a, i, u, m, k, t, b, ili wiki ya tatu mtoto awe ameshasoma "mama", "kuku" na "bata". Mtoto akisoma neno lenye maana mapema, anakuja kesho. Konsonanti pacha zije baadaye: ch, sh, ny, mb, nd. Na m iliyosimama peke yake, kama ya mtoto na mchele, ipewe siku yake. Usiipitie juu juu, maana mtoto hutafuta irabu baada yake na kusoma "mutoto". Hilo mara nyingi ni Kiha kinachomsaidia vibaya.

Kundi la maneno na aya wanahitaji kitu kimoja, kusoma sana. Wasome wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole. Mwalimu azunguke akisikiliza, akae kimya zaidi kuliko alivyozoea.

Nilikosea hapa mwaka wa kwanza. Niliweka nusu saa hiyo saa nane mchana, wakati watoto wamechoka na wengi hawajala. Makundi yalikuwa kelele tupu. Tulipoihamishia saa mbili na nusu asubuhi, mambo yakatulia. Na kama shule yenu ina chakula, hata uji wa mahindi wa wazazi, nusu saa ije baada ya uji.

Kuhusu Kiha darasani

Lugha ya kufundishia shule nyingi za msingi za Serikali ni Kiswahili na hilo halina mjadala. Lakini mtoto wa kijijini Kakonko au Buhigwe anafika Darasa la Kwanza na Kiha kamili mdomoni na Kiswahili cha dukani: sukari, chumvi, shilingi. Unapochora ng'ombe ubaoni ili kufundisha sauti ng', na mtoto moyoni anasema "inka", sauti unayoifundisha haimo kichwani mwake. Anasoma alama za neno asilolijua.

Kwa hiyo neno kabla ya herufi. Wiki za kwanza za Januari zitumike kuzungumza: hadithi, nyimbo, vitendawili, kutaja vitu, kuagizana. Mwalimu anayejua Kiha atumie neno moja la Kiha kufungua maana, kisha arudi kwenye Kiswahili. Umwana na mwana, amazi na maji, mtoto anaona mwenyewe kwamba lugha hizi ni ndugu, na anatulia. Mwalimu aliyetoka Moshi au Mbeya asione haya kumwuliza mwanafunzi wa Darasa la Sita, "Hii kwenu mnaitaje?" Atapata msaidizi na heshima kwa pamoja. Anayemchapa mtoto kwa kuongea Kiha anamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hutajua kama anasoma.

Hatua ya saba: vitabu vitoke kabatini

Fupi tu. Hesabu vitabu vilivyo kabatini na vilivyo mikononi mwa watoto. Kama hofu ni kuchanika, ujue kwamba kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na andika kwenye taarifa kwamba kimechakaa. Vitabu vya kiada vinapatikana pia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu mwenye simu anaweza kunakili hadithi kwenye manila. Na walimu waandike hadithi zao wenyewe za sentensi sita, kuhusu kivuko cha Malagarasi, kuhusu kukamua mawese, kuhusu mbuzi aliyekula daftari. Shule yenye walimu kumi, kila mmoja akiandika moja kwa wiki mbili, inamaliza mwaka na hadithi zaidi ya mia.

Hatua ya nane: pesa iliyopo

Ruzuku ya elimu bila malipo ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Katika hizo 6,000 ndizo zinazokuja shuleni, na 4,000 zimetengwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Si nyingi, na ina mafungu yake yaliyoelekezwa, lakini manila, maka peni na karatasi za kupimia zinaingia humo bila kuvunja mwongozo. Ziandikwe kwa jina kwenye mpango kazi, ziidhinishwe na kamati ya shule. Zikifichwa ndani ya "matumizi mengine ya ofisi", Machi zitakuwa zimegeuka wino wa printa.

Hatua ya tisa: wazazi, kwa kazi moja tu

Usiite mkutano wa wazazi kuwaambia wawe na mwamko. Waite uwape kazi moja wanayoiweza wote, hata asiyejua kusoma: jioni, kabla taa haijazimwa, mtoto asome kwa sauti huku mzazi anasikiliza, kisha mzazi aulize, "Umesoma nini? Niambie kwa Kiha." Bibi asiyejua a wala be anaweza kuuliza hilo, na swali hilo ndilo ufahamu wenyewe. Ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, ndio mahali pa kulifanyia zoezi. Mwite mama mmoja mbele na mtoto wake, wafanye, wengine waone. Mama mmoja alimwuliza mwanawe, mtoto akaeleza hadithi nzima ya sungura kwa Kiha, mkutano ukapiga makofi. Mwezi ule sikuhitaji hotuba.

Kata: Afisa Elimu Kata na jumuiya za kujifunza

Maafisa Elimu Kata wenzangu, nisameheni. Tunafika shuleni kwa pikipiki, tunakagua azimio la kazi, andalio la somo, tunasaini kitabu cha wageni, tunaondoka. Andalio linaweza kuwa kamilifu na darasa lisijue kusoma. Ongeza kitu kimoja: kila ziara, chagua vikaratasi vitano kwenye chati bila kumwambia mtu, waite hao watoto, wasikilize. Kama mmoja kati ya watano hayupo kwenye safu alikobandikwa, chati si ya kweli, na mazungumzo na mwalimu mkuu yaanzie hapo.

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanatupa jumuiya za kujifunza shuleni na vituo vya walimu. Zitumieni kwa jambo dogo. Kikao kimoja kiwe juu ya m ya mtoto. Kingine juu ya ng na ng'. Mwalimu mmoja afundishe kweli, watoto wakiwepo, wenzake watazame watoto na si mwalimu. Vikao vya "changamoto za ufundishaji" kwa ujumla wake vinaishia kwenye soda.

Mwisho wa Oktoba, kusanya chati za shule zako zote kwenye karatasi moja: shule, idadi kwa kila safu, walimu wa Darasa la Kwanza na la Pili, vitabu kwa mtoto. Peleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mbele ya diwani, ili aingie kwenye Baraza akijua watoto wa kata yake wamekaa wapi. Diwani mwenye namba hii anasema tofauti na diwani mwenye malalamiko.

Halmashauri: pale pesa na walimu wanapogawanywa

Mkoa wetu una halmashauri nane, na kila moja ina Afisa Elimu Awali na Msingi, afisa taaluma, afisa takwimu na ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule. Kazi ya halmashauri kwenye mpango huu ni tatu tu ninavyoona mimi.

Kwanza, kugawa walimu kwa chati. Shule yenye watoto wengi safu mbili za chini na walimu wachache ipewe kwanza wanaporipoti walimu wapya. Najua mwalimu mgeni anapenda shule ya barabarani, na simu za kuombea zinaanza siku hiyohiyo. Namba zikiwa mezani mapema, kukataa kunakuwa rahisi kidogo.

Pili, kuingiza fungu dogo la kusoma kwenye rasimu ya bajeti kabla haijafika Kamati ya Elimu, Afya na Maji: uchapishaji wa vipimo, usafiri wa wawezeshaji, karatasi. Miradi kama Shule Bora imefanya kazi Kigoma, na EQUIP-Tanzania ilitangulia. Imetuachia mbinu nyingi nzuri. Lakini mradi una mwisho wake. Kilichoandikwa kwenye bajeti ya halmashauri kinabaki kwenye vitabu baada ya bango la mradi kuondolewa getini.

Tatu, kutopanga shule kwa aibu. Halmashauri moja iliwahi kusimamisha walimu wakuu wa shule za mwisho mbele ya kikao, wapigwe picha. Awamu iliyofuata namba zote zilipanda, na watoto hawakupanda. Uliza shule imesogeza watoto wangapi kutoka safu moja kwenda nyingine, hata kama bado iko chini. Iliyotoa 21 kwenye herufi ikabakiwa na 4 imefanya kazi kubwa kuliko ile ya mjini iliyoanza juu na kukaa palepale. Wanachuo wa ualimu wa Kasulu na Kabanga wanapokuja mazoezini, wapelekwe kwenye makundi ya silabi. Watajifunza huko kuliko kukaa nyuma ya Darasa la Sita.

Kupima tena

Kila wiki nane, wale wa safu za chini tu, karatasi mpya. Hamisha vikaratasi. Asiyesogea awamu mbili mfululizo azungumziwe kwa jina kwenye kikao cha walimu, dakika tano, na kitu kimoja kibadilishwe: kundi, mwalimu, kiti au safari ya kituo cha afya.

Na chati ya Oktoba isitupwe shule zikifungwa Desemba. Januari wale watoto wako Darasa la Tatu kwa mwalimu mwingine, ambaye hamjui Butoyi na atampa kitabu akisome. Mkabidhi majina mkononi kabla hajaandika azimio la kazi, na ukae naye mpaka afike jina la mwisho.